Damu Ikizidi, Iko Koili ya Kuipunguza

Taru maji hayamwagwi ovyo. Kuanzia Samburu hadi Mackinnon Road, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, nyika hukauka kwa miezi mingi ya mwaka, na mwanamke wa hapo huipanga siku yake kwa kufuata silanga: aende saa ngapi, arudi na mitungi mingapi, upi wa kupikia, upi wa mbuzi, upi wa kuogesha watoto. Sasa mtwike mwanamke huyo hedhi ya siku tisa, inayopenya pedi mbili alizozivaa kwa pamoja, ikalowesha leso, ikafika kwenye shuka na godoro. Mtungi mzima wa maji utaishia kwenye kufua damu, na kesho yake utahitajika mwingine.

Nchini Kenya tumezoea kuizungumzia hedhi kwa habari ya pedi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ikarekebishwa ili wasichana wa shule wapewe bure. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitakiwa kutoka kwenye ukumbi wa Seneti kwa sababu ya doa jekundu kwenye suruali yake nyeupe, na kwa siku kadhaa nchi nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Yote hayo yalihitajika. Lakini wapo wanawake ambao hata ukiwapa katoni nzima ya pedi hujawasaidia, kwa kuwa tatizo lao ni wingi wa damu yenyewe. Hao wanahitaji matibabu, na matibabu yapo.

Kwa kawaida mwanamke hupoteza takribani mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi moja. Kwa miaka mingi madaktari waliichukua mililita 80 kuwa ndiyo mpaka wa hedhi nzito, lakini nani hukinga damu yake kwenye kikombe akaipima? Siku hizi wataalamu huangalia maisha ya mgonjwa mwenyewe. Ukibadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, ukitokwa na mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 20, hedhi ikipita siku saba, ukikosa soko, kazi au harusi ya ndugu yako kwa kuogopa kuchafuka, basi hedhi yako ni nzito na una haki ya kutibiwa. Usikubali kuambiwa kwamba ndiyo maumbile yenu, kwamba hata mamako alikuwa hivyo hivyo. Huenda mamako naye alikuwa mgonjwa. Uvimbe wa kizazi, ule ambao watu huuita fibroidi, huandama familia, na wanawake weusi huupata mara nyingi zaidi na wakiwa na umri mdogo zaidi.

Kwale, kaunti ilimo Taru, ina sababu ya ziada ya kulitilia jambo hili maanani. Damu ya mwanamke wa huku ina wadai wengine: malaria, minyoo ya safura, na kichocho, ambacho watafiti wamekifuatilia Msambweni kwa miongo kadhaa. Mradi mkubwa wa TUMIKIA, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, ulifanyika Kwale ili kuona kama kuwapa dawa za minyoo watu wa rika zote kunashinda kuwapa watoto wa shule peke yao, na kweli kulishinda. Mwanamke anayenyonywa na safura huku akimwaga damu kila mwezi hawezi kuirudisha kwa mchicha na maharagwe. Atasikia kizunguzungu akiinuka, moyo utamwenda mbio akibeba mtungi, atatamani kula udongo. Mwanamke asiye mjamzito akipimwa himoglobini ikawa chini ya 12 ana upungufu wa damu, na duniani kote karibu asilimia 30 ya wanawake wa umri wa kuzaa wako katika hali hiyo. Vidonge vya madini ya chuma vitamsaidia, ila kama bomba halijazibwa, tangi halitajaa.

Koili ya homoni huliziba bomba hilo vizuri kuliko dawa nyingi za kumeza. Ni kipande cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu wake sentimita tatu na ushei, kinachowekwa ndani ya kizazi. Kimebeba miligramu 52 za homoni ya levonogestreli na huitoa kidogo kidogo, mwanzoni takribani mikrogramu 20 kwa siku. Homoni hiyo si ngeni Pwani: ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya P2 vya kuzuia mimba kwa dharura na kwenye vijiti viwili vya Jadelle vinavyowekwa mkononi. Tofauti ni kwamba ya koili hufanya kazi papo hapo kizazini, na kinachoingia kwenye damu ya mwili mzima ni kidogo. Huufanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba, na utando ukiwa mwembamba hakuna kingi cha kumwagika. Daktari Tapani Luukkainen wa Finland alikuwa mstari wa mbele kuitengeneza, na nchi yake iliiidhinisha mwaka 1990. Wengi huijua kwa jina la Mirena. Marekani iliikubali rasmi kuwa tiba ya hedhi nzito mwaka 2009.

Uingereza kulifanyika jaribio lililoitwa ECLIPSE, ambamo wanawake 571 wenye hedhi nzito waligawanywa kwa kura, baadhi wakapewa koili hii na wengine dawa za kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2013: maisha ya wote yalipata nafuu, ila ya wenye koili yalipata nafuu zaidi. Finland nako wanawake 236 waliokuwa wakisubiri kuamuliwa matibabu walipangiwa kwa kura, koili au upasuaji wa kuondoa kizazi. Baada ya miaka mitano, asilimia 42 ya wale wa koili walikuwa wameishia kwenye upasuaji. Mimi naisoma takwimu hiyo kwa upande wake wa pili: zaidi ya nusu walibaki na vizazi vyao, bila kisu.

Kwa nini basi wanawake wa Kwale hawaiulizii? Kwa sababu koili wanayoijua ni ile ya shaba. Ya shaba haina homoni, huzuia mimba kwa miaka mingi, na huwafaa wengi, lakini huongeza damu na maumivu ya hedhi. Kila mtaa wa Ukunda au Samburu una mwanamke aliyewekwa ya shaba akajuta kwa damu aliyoiona, na habari zake zimefika kwa jirani na kwa mke wa shemeji. Mgonjwa wa hedhi nzito akitajiwa koili anaona kama anatupiwa mkaa juu ya moto. Muuguzi asipomweleza kwa utulivu kwamba hizi ni mbili, na kwamba moja huongeza damu na nyingine huipunguza, mama huyo atashukuru kwa adabu, atasema anakwenda kumuuliza baba watoto, na hatarudi.

Mimi ninayo, kwa hiyo naweza kueleza inavyokuwa. Kuwekwa kuliniuma. Ni kazi ya dakika chache, na kuna wanaosikia mkazo mdogo tu, hasa waliowahi kuzaa, lakini kuna tunaosikia maumivu makali pale chombo kinapopita kwenye mlango wa kizazi, na si haki kumwambia mwanamke kwamba hatasikia kitu. Meza dawa ya maumivu mapema, uliza kama kuna ganzi, na mwambie anayekuhudumia asimame ukishindwa kuvumilia. Kisha ikaja miezi ya matone. Leo doa, kesho hakuna, keshokutwa doa tena. Hali hiyo ni ya kawaida katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, na ndipo wengi wanapokata tamaa wakaenda kutolewa, wakati nafuu ilikuwa njiani. Baadaye damu ilipungua mpaka nikasahau kuhesabu pedi. Nilianza kuvaa nguo nyeupe.

Matone yale yana uzito wa pekee kwa mwanamke Mwislamu wa Diani au Msambweni, na sijaona kijitabu cha hospitali kinacholigusa hilo. Asubuhi anaona doa na anajiuliza: nina tohara au sina? Nisali au nisisali? Ikiwa ni Ramadhani, funga yangu iko wapi? Fiqhi ilijibu zamani. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa Pwani yetu, uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, na wingi wake ni siku 15. Damu inayozidi hapo ni istihadha, na mwenye istihadha huoga, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, husali na kufunga. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume mwenyewe kumuuliza kuhusu damu yake isiyokatika, wala hakuonekana kukosa haya. Anayepata matone ya koili amwendee mwalimu wa kike wa madrasa au sheikh anayeijua mas-ala hii, amweleze matone yake siku kwa siku, na aelekezwe. Muuguzi naye alijue jambo hili, ili asimwambie mgonjwa wake kwamba matone ni kitu kidogo.

Hofu nyingine huja baadaye, hedhi ikikatika kabisa, jambo linalompata karibu mmoja kati ya watano ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza. Damu inakwenda wapi? Haikusanyiki tumboni ikawa uvimbe? Hapana. Utando haujajengeka, basi hakuna cha kutoka. Uwezo wa kuzaa nao hurudi upesi koili ikishatolewa.

Nisifiche upande mchungu. Takribani koili moja kati ya 20 hutoka yenyewe, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye uvimbe kizazini au damu nyingi mno. Kwa wachache, mmoja au wawili katika elfu, hutoboa kizazi wakati wa kuwekwa. Wengine hupata chunusi, maumivu ya matiti, maumivu ya kichwa, au vifuko vya maji kwenye ovari ambavyo mara nyingi huisha vyenyewe. Wengine hupata huzuni: utafiti wa Denmark wa mwaka 2016, uliofuatilia wanawake zaidi ya milioni moja, uliona uhusiano kati ya homoni za kupanga uzazi, koili hii ikiwemo, na kuanza kwa matibabu ya sonona. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa huko huko ulikadiria wagonjwa 14 wa ziada wa saratani ya matiti katika kila wanawake 10,000 wanaotumia koili hii kwa hadi miaka mitano. Ni idadi ndogo, lakini mwanamke aambiwe, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti asiwekewe. Na mwanamke anayesema koili imembadilisha roho aaminiwe na atolewe siku hiyo hiyo. Kumbembeleza arudi baada ya miezi mitatu ni kumnyang'anya mwili wake.

Kabla ya yote lazima apimwe. Damu isiyojulikana chanzo haifunikwi kwa koili. Apimwe ujauzito, kiwango cha damu, maambukizi, na mlango wa kizazi uangaliwe, kwani saratani yake nayo hujitangaza kwa damu. Apigwe picha ya kizazi kuona kama kuna uvimbe na ni mkubwa kiasi gani. Kwa Kwale naongeza kichocho: mayai ya mdudu wake hukaa kwenye mlango wa kizazi na uke, yakaleta vidonda na damu, na wanawake wengi wa aina hiyo wametibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawakuwa nayo, wengine ndoa zao zikavunjika kwa sababu hiyo. Wapo watakaopona kwa dawa ya kichocho. Wapo watakaotosheka na asidi ya traneksami, inayomezwa siku za hedhi tu na isiyo na homoni. Koili ni ya wale wanaoihitaji baada ya kuangaliwa.

Kinachoniudhi zaidi ni mlango ambao koili hii imewekwa nyuma yake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, lakini kwenye fungu la kupanga uzazi, na kwenye vituo vyetu imefuata mlango huo huo. Msichana wa miaka 17 anayezimia kila mwezi hathubutu kuingia chumba cha kupanga uzazi, watu wakimwona itakuwaje? Mjane wa miaka 46 ataambiwa anapanga nini. Mama ambaye mumewe hataki kusikia habari za kuzuia mimba atakatazwa kutibiwa damu. Hawa wote wana ugonjwa mmoja, na dawa yao ingepaswa kutolewa pale pale wanapotibiwa wagonjwa wengine. Koili ya shaba hupatikana kwa urahisi kwenye vituo vya umma. Ya homoni mwanamke mara nyingi hulazimika kuinunua hospitali ya binafsi, kwa bei ambayo mchoma mkaa wa Taru hawezi hata kuianza. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, limekuwa likiweza kuzinunulia nchi koili hii tangu 2021, kwa hiyo serikali ikiitaka, njia ipo.

Naiomba Kaunti ya Kwale iiagize koili ya homoni kama tiba ya hedhi nzito, ianzie Msambweni na Kinango, wauguzi wafunzwe kuiweka na kuitoa, na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba huko Taru waulize kila mwanamke swali moja tu kuhusu wingi wa damu yake. Nawe dada unayesoma haya ukiwa umekaa juu ya leso iliyokunjwa mara nne, nenda kituoni wiki hii. Usiseme umekuja kupanga uzazi. Sema damu yako imezidi, unataka kupimwa chanzo chake, na unataka kuelezwa habari za koili yenye homoni, si ile ya shaba.