Binti Aulizwe Kwanza

Posa inapofika nyumbani hapa Bungu, katika milima hii ya Korogwe, wengi huombwa rai: baba, ami, mjomba, hata jirani mwenye umri. Binti yuko jikoni. Akinyamaza, husemwa kuwa ameridhia.

Kimya hicho kina asili yake. Mtume (SAW) alifundisha kuwa bikira aombwe idhini, na alipoelezwa kuwa bikira huona haya kusema, alikikubali kimya chake kuwa idhini. Lakini tuzingatie mpangilio: swali hutangulia, kimya hufuata. Asiyeulizwa hawezi kuhesabiwa kuwa amejibu.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, baba ana haki ya kumwozesha binti yake bikira hata bila ya idhini yake, ingawa kumwuliza ni sunna. Haki hiyo hutajwa sana barazani. Masharti yake hayatajwi. Kusiwe na uadui wa dhahiri baina ya baba na binti. Mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa kulipa mahari. Tena ni haki ya baba na babu mzaa baba tu. Kaka hana. Ami hana, hata kama ndiye aliyemlea na kumsomesha. Nimewaona kina ami wakistaajabu kwelikweli kulisikia hili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Vifungu vya 13 na 17, vilivyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, Mahakama Kuu ilivitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba; Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Wapo waliolihesabu shauri hilo kuwa limeugusa Uislamu. Mimi naona umri ni mjadala mmoja, na ridhaa ni mwingine tuliokwisha kufundishwa.

Msikitini kwetu, kabla jina halijaandikwa katika daftari la ndoa, wanawake wawili wa makamo humwendea binti, baba wala ami wasiwepo. Humtajia mchumba, ukoo wake, kazi yake, mahari, na kama ana mke mwingine. Kisha hungoja. Binti mmoja alijibu kuwa anataka kwanza kumaliza mafunzo ya ushonaji mjini Korogwe. Baba yake alinuna siku tatu, kisha akakirudisha kishika uchumba.