Mbaruk bin Nani?

Kwa miaka mingi nilidhani Mbaruk bin Rashid ni mtu mmoja. Ukurasa mmoja ulinionyesha akidai kiti cha Takaungu mwaka 1895. Ukurasa wa pili ulinionyesha akiwa mzee wa Gazi, kusini ya Mombasa, aliyekwisha kuwachosha masultani wa Unguja kwa vita. Miaka yake haikuafikiana. Jambo hilo likanikaa rohoni, hata nikapanda mashua, nikavuka hadi Takaungu kumtafuta mzee anayeandika nasaba.

Hakunijibu swali langu. Alitoa karatasi na kalamu.

"Mbaruk bin nani?"

"Bin Rashid."

"Rashid bin nani?"

Nikanyamaza.

"Basi, mwanangu, bado hujamtaja mtu. Jina la kwanza ni mlango. La baba ni daka. La babu ndiyo ndani."

Akaandika taratibu kwa herufi za Kiarabu, huku akisoma kwa sauti. Mbaruk bin Rashid bin Khamis: huyu wa Takaungu. Mbaruk bin Rashid bin Salim: yule wa Gazi. Wote wa ukoo wa Mazrui, wote wakali. Chini yao akaongeza mstari ambao sikuutarajia. Rashid bin Salim bin Ahmed, baba wa Mbaruk wa Gazi, ndiye liwali wa mwisho wa Kimazrui aliyepokonywa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837. Na Rashid bin Salim bin Khamis ndiye aliyepewa Takaungu na Kampuni ya Waingereza mwaka 1895. Jina lile lile: mmoja alinyang'anywa, mwingine alipewa.

"Asiyejua babu atasema kilichopotea kimerudi," alisema mzee. "Hakikurudi."

Kisa chenyewe twakijua. Liwali Salim bin Khamis alifariki Februari 1895, Kampuni ikamkalisha mwanawe Rashid. Mbaruk wa Takaungu, mtoto wa kaka wa Salim, aliona haki ni yake. Kufikia Juni ilikuwa vita. Yeye na nduguye Aziz walikimbilia kwa Mbaruk wa Gazi, naye akakataa kuwatoa. Tarehe 1 Julai Uingereza ikatwaa nchi mikononi mwa Kampuni; Agosti ngome ya mzee wa Gazi kule Mweli ikatekwa. Aprili 1896 wakavuka mpaka, wakajisalimisha kwa Wajerumani. Mzee wa Gazi alifia ugenini, Dar es Salaam, mwaka 1910.

Vitabu huuita uasi. Mimi nasema ilikuwa serikali, japo haikutimiza miaka miwili na baraza lake lilikaa msituni. Mdai kiti alikuwepo. Ndugu wa kuongoza vita alikuwepo. Mzee wa kutoa hifadhi alikuwepo. Hata chakula kilikuwa na mwenyewe: Ngonyo, mzee wa Kigiriama mwenye neno kubwa bara ya Malindi, aliwasaidia. Bila nafaka ya Wagiriama, watu wale wangedumu porini siku ngapi?

Nilimwomba mzee aandike baraza lote. Aliandika haraka mpaka kwa Aziz. Kwa Ngonyo alisita, kisha akamweka pembeni, nje ya mti wa nasaba, akachora duara kulizunguka jina lake. "Si wa ukoo huu," alisema, "lakini bila yeye karatasi hii ina njaa."

Hapo nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. Wengi waliobeba bunduki walikuwa watumwa wa Kimazrui. Walipigana, walihama, walivuka mpaka pamoja na mabwana zao. Je, walimfuata Mbaruk kwa kupenda, au kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda? Nao wataandikwa wapi?

Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Hao waliitwa kwa jina la bwana," alisema. "Baba zao walibaki bara, na majina yao yalibaki huko huko."

Kalamu aliiweka chini, karatasi hakuikunja. Nilipoinuka kuiwahi mashua, aliniita kutoka dakani.

"Ukipata jina moja la hao, hata kama halina baba, niletee."