Nani mwenye anga ya Kivu? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi ndege zisizo na rubani zilivyotoka mikononi mwa majeshi mawili matatu makubwa na kuwa bidhaa ya kununuliwa na yeyote mwenye fedha. Leo tuzitazame zilipotufikia sisi, kando ya Ziwa Kivu.

Januari 2013, Umoja wa Mataifa ulipoomba kupeleka droni za upelelezi mashariki mwa Kongo, mwanadiplomasia wa Rwanda mjini New York, Olivier Nduhungirehe, alisema Afrika isigeuzwe maabara ya vifaa vya kijasusi kutoka ng'ambo. Wengi waliipuuza kauli ile, wakisema ni jirani asiyetaka kuchunguliwa. Huenda walikuwa na sababu. Hata hivyo, yaliyofuata yameipa kauli hiyo uzito ambao pengine hata msemaji hakuutarajia. Desemba mwaka huohuo, droni aina ya Falco, ya Kiitalia na isiyo na silaha, ilirushwa kutoka Goma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa kurusha droni zao wenyewe za upelelezi. Mwezi mmoja baadaye, mojawapo ilianguka katika uwanja wa ndege wa mji huo.

Falco ilikuwa jicho tu. Silaha zilikuja miaka kumi baadaye. Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea droni za mashambulizi aina ya CH-4, zilizoundwa na shirika la serikali ya China. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni Reaper ya Wamarekani. Kwa nini basi Kongo haikununua hiyo ya Wamarekani yenyewe?

Jibu liko katika makubaliano ya mwaka 1987 ya kudhibiti teknolojia ya makombora. Mataifa yaliyojiunga yaliahidi kujizuia kuuza chombo chochote kinachoweza kubeba mzigo wa kilo 500 kwa umbali wa kilomita 300. Shabaha ilikuwa makombora yenye uwezo wa kubeba mabomu ya nyuklia. Droni kubwa zilipokuja, Washington ilizihesabu katika kundi hilohilo, ikawauzia washirika wachache kama Uingereza na kuwanyima wengine. China haimo katika makubaliano hayo. Iraki, Saudia, Yordani na Algeria, zote zikapiga hodi Beijing. Marekani ilipolegeza tafsiri yake Julai 2020, soko lilikuwa limeshapata wenyewe, na Uturuki nayo ilikuwa imeingia na droni yake, Bayraktar TB2.

Silaha ya bei nafuu, hata hivyo, ina gharama zake. Mwaka 2019 Yordani ilizitangaza CH-4 zake kuwa zinauzwa, miaka michache tu baada ya kuzipokea. Anayenunua droni ananunua pia mafundi wa kumfundisha, vipuri, makombora ya kufungia chini ya mabawa na, akitaka kuirusha mbali, nafasi kwenye setilaiti ya mtu mwingine. Bila setilaiti, rubani aliye chini anategemea redio inayohitaji njia iliyo wazi kati yake na ndege. Katika nchi ya Virunga, ambako mlima Karisimbi unafika mita 4,507, njia ya namna hiyo ni adimu.

Hapa Kigali habari za CH-4 hazikuchukuliwa kwa wepesi. Tayari tarehe 24 Januari 2023 ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 ilikuwa imefyatuliwa kombora karibu na mpaka wa Goma na Rubavu. Rwanda ilisema ndege iliingia anga yake. Kongo ikasema haikuvuka. Februari 2024 Marekani iliitaka Rwanda hadharani iondoe mitambo yake ya kutungulia ndege katika ardhi ya Kongo. Kigali, ambayo ilikuwa ikikanusha kuwasaidia waasi wa M23, ilijibu kwa kuzitaja CH-4 na ndege za kivita zilizovuka mpaka, ikasema imechukua hatua za kuilinda anga yake. Siku hizohizo shirika la habari la AFP liliripoti juu ya hati ya ndani ya Umoja wa Mataifa iliyodai kwamba droni ya walinda amani ilifyatuliwa kombora kutoka gari la kivita la Rwanda aina ya WZ551. Gari hilo nalo asili yake ni China. Madai hayo yakiwa ya kweli, basi viwanda vya nchi moja vilikuwa vinauza mshale upande mmoja na ngao upande wa pili.

Yaliyotokea baadaye yanastahili kusomwa na kila anayedhani mashine hushinda vita peke yake. CH-4 zilikuwa na kituo Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Tarehe 14 Februari uwanja wa Kavumu ukafuata, na waliouteka ni askari wa ardhini.

Kuna silaha nyingine ambayo haionekani wala haisikiki, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuogopwa zaidi. Mwishoni mwa 2024 MONUSCO, kikosi cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ililalamika kwamba mawimbi ya GPS yanavurugwa Kivu Kaskazini, ikainyooshea Rwanda kidole. Ndege za misaada zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika.

Kuvuruga kwenyewe si kazi ngumu. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, na mawimbi yake yanafika ardhini yakiwa dhaifu mno, kama mtu anayenong'ona kwenye harusi yenye vipaza sauti. Mtambo mdogo ulio kilimani, ukipiga kelele katika masafa hayohayo, unatosha kuufunika mnong'ono. Huko ni kuziba. Njia ya pili ni ya ujanja zaidi: mtambo hutuma mawimbi ya uongo, na ndege huamini iko mahali isipokuwepo. Iliyozibwa hujua kwamba imepofuka, lakini iliyodanganywa huendelea kuruka kwa utulivu kuelekea kusikotakiwa.

Mnyarwanda ana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Tangu Oktoba 2016 droni za Zipline zinarushwa kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, zikiidondosha kwa mwavuli, na njia yake huipata kwa setilaiti. Ufundi unaomfikishia mama aliyetoka kujifungua chupa ya damu una asili moja na ule unaolielekeza kombora. GPS ni mali ya serikali ya Marekani na huendeshwa na jeshi lake, sisi wengine tunaitumia kwa hisani. China ilielewa hatari hiyo mapema, ikajijengea BeiDou na kuikamilisha mwaka 2020. Warusi wana GLONASS, Ulaya ina Galileo. Afrika haina mfumo wake.

Na malighafi ya vifaa hivi vyote? Rubaya, mji wa migodi wa Masisi uliotekwa na M23 mwaka 2024, hutoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia. Tantalamu inayotolewa humo hutumika kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, rada na makombora. Ndiyo maana mkataba wa amani kati ya Rwanda na Kongo uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 uliambatana na mazungumzo ya uchumi na madini. Aliyeweka saini kwa niaba ya Rwanda, kama waziri wa mambo ya nje, ni Olivier Nduhungirehe yuleyule.

Juma lijalo tutakwenda Djibouti, ambako kambi za Marekani na China ziko umbali wa kilomita chache tu, tuone majirani hao wanachunguzana vipi.