Feti ikiisha, bado karatasi

Hapa kwetu Nyunzu, arusi inapangwa mbali: kukodi viti na maturubai, kutafuta sono na mapambo, kuhesabu unga wa bukari na vinywaji. Kisha feti, viti vinarudishwa, deni zinalipwa, basi. Kazi moja inasahaulika: kuandikisha ndoa.

Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa ya kimila, hata kama ni sehemu tu ya mahari imetolewa. Lakini bwana na bibi wote wawe wametimiza miaka 18, na ndoa iandikishwe kwa eta sivili ndani ya mwezi mmoja.

Kwa nini kuharakisha? Sheria inamhesabu mjane kati ya warithi. Siku bwana akifariki, na ndugu zake wakikuja kudai nyumba, mama ataonyesha nini? Bila karatasi, atazunguka kutafuta mashahidi, na pengine wazee waliopokea mahari wamekwisha kufa.

Basi kamati ya arusi ichague mtu wa karatasi, sawa vile inachagua wa chakula. Wazee wa pande zote mbili wapite eta sivili mbele ya kurudi Kabalo ao Kalemie.