Mafundi umeme Mbulu na Hanang: kazi yao, mhuri wa mwingine

MBULU na Hanang hujulikana sokoni kwa vitunguu saumu, ngano, mbaazi na ng'ombe. Ipo bidhaa nyingine isiyoonekana kwenye orodha ya bei, nayo ni mhuri wa fundi umeme mwenye leseni.

Soko lake lilipanuliwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini iliposhuka hadi Sh. 27,000, gharama nzito ilibaki kuwa wayaringi ndani ya nyumba. Mkulima akishauza mazao huezeka bati, kisha huita fundi. Anayeitwa mara nyingi ni kijana wa jirani, aliyejifunza kwa kumbebea koleo fundi mkubwa.

Sheria haimtambui. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kufunga umeme kunahitaji leseni ya EWURA, yenye madaraja kuanzia A kwa kazi kubwa hadi W, kila moja na mipaka yake. TANESCO nayo hutaka wayaringi ithibitishwe na mwenye leseni kabla ya kuwasha.

Hapo ndipo biashara inapozaliwa. Kijana anatoboa kuta, anatandaza nyaya, anafunga soketi na meni swichi. Mwenye leseni anagonga mhuri na kuchukua chake, wakati mwingine bila hata kuiona nyumba. Mitaani asiye na leseni huitwa kishoka. Jina hilo linamwonea anayefanya kazi safi, ingawa linamfaa kabisa yule anayeruka waya wa ardhini ili abane matumizi. Mwenye nyumba hawezi kuwatofautisha, kwani wote huja na mfuko uleule wa vifaa.

Kihesabu, leseni ni mtaji. Asiye nayo hapandishi bei, wala hawezi kuomba zabuni ya kuweka umeme shuleni au kwenye zahanati.

Njia ya kutokea ipo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutahini kwa ngazi ya 1, 2 na 3, zilizochukua nafasi ya majaribio ya ufundi ya daraja la III, II na I. Ina pia utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini. Cheti hicho si leseni, lakini bila cheti ombi la leseni halifiki mbali.

Kikwazo ni safari. Chuo cha VETA cha mkoa kiko Babati, ofisi ya kanda ya EWURA iko Arusha. Wa Katesh ana lami ya Babati–Singida mlangoni. Wa Haydom hupoteza siku za kazi njiani. Maombi ya leseni kwa mtandao yamepunguza sehemu ya mzigo huo, ila mtihani wa vitendo haufanywi kwa simu.

Kazi yenyewe haipungui. Maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, yaliua watu zaidi ya 80 na kuacha nyumba nyingi Katesh zikihitaji kujengwa upya, nyaya na vyote. EWURA huchapisha orodha ya wenye leseni. Anayejenga anaweza kulitafuta humo jina la fundi kabla ya kutoa malipo ya awali.