Shaba Nyuma ya Stimu

Mla miraa anajua kwamba majani ya jana si ya leo. Ndiyo maana vibunda vya Meru hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari yanayovibeba hukimbizwa kana kwamba kuna mgonjwa ndani. Katinoni, kemikali inayoleta stimu, haikai. Jani likinyauka hugeuka kuwa katini, iliyo dhaifu zaidi.

Ila katinoni yenyewe haina nguvu ya kumpa mtu. Inachofanya ni kufungua ghala: dopamini na noradrenalini ambazo seli za neva zilishaziweka akiba humwagwa nje kwa mkupuo. Moyo ukienda mbio, usingizi ukiruka na maneno yakizidi, akiba inatumika. Miongoni mwa mafundi wanaolijaza ghala hilo upya yumo shaba, ile ile ya nyaya za umeme.

Mwili wa mtu mzima una takriban miligramu 100 tu za shaba. Chembe chache kati ya hizo zimeshikwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya vifuko vya seli za neva, kinachoipachika dopamini oksijeni ili iwe noradrenalini. Vitamini C huirudishia shaba elektroni ilizotoa, kazi ikaendelea. Ing'oe shaba, kazi inasimama. Disulfiramu, dawa wanayopewa watu wanaoacha pombe, hufanya karibu hivyo: ikishavunjwavunjwa mwilini hung'ang'ania shaba, dopamini ikabaki bila kugeuzwa. Ndiyo moja ya sababu watafiti wameijaribu kwa waraibu wa kokeini.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa watoto wachanga, karibu wote wa kiume, wenye ugonjwa ulioelezwa na daktari John Menkes mwaka 1962. Shaba ya chakula hukwama kwenye utumbo wao. Nywele husokotana na kukatika, mfano wa waya wa kusugulia sufuria, na hupauka, kwa kuwa rangi ya nywele nayo hutengenezwa na kimeng'enya cha shaba. Damu yao ikipimwa, dopamini iko juu mno ikilinganishwa na noradrenalini.

Basi tumeze vidonge vya shaba? Hapana. Kimeng'enya kikishapata shaba yake, ziada haikiongezei kasi; ini huitupa kupitia nyongo. Mwenye ugonjwa wa Wilson hana njia hiyo, na shaba humjaa kwenye ini na ubongo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 900 kwa siku, na gramu 30 za korosho humpa theluthi mbili. Wa kuangalia zaidi ni aliyezoea kumeza zinki nyingi kwa miezi, kwa sababu zinki huizuia shaba pale pale utumboni.

Miraa hukata hamu ya kula, kwa hiyo ghala humwagwa na chakula cha kulijaza hakiji. Wale wanaotafuna huku wanadonoa njugu wana nafuu kidogo: kiganja kimoja kina karibu theluthi ya shaba ya siku, ingawa sidhani kuna aliyezinunua kwa sababu hiyo.