KWA NINI HAWAKUSOMA MAGAZETI?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Habari za Shakahola zilipotufikia mwaka wa 2023, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, swali lililozagaa kwenye matatu, sokoni na hata foleni ya chakula hapa shuleni lilikuwa moja: jamani, kwani watu hawa hawakuwa na redio? Hawakusoma magazeti? Mambo ya kortini nawaachia wenyewe. Mimi nitawaeleza kisa cha zamani kidogo, kilichochunguzwa kwa miaka mingi, ambacho kinalijibu swali hilo.

Jim Jones alikuwa mhubiri Mmarekani. Alianzisha kanisa lake, Peoples Temple, mjini Indianapolis katika miaka ya 1950, kisha akalihamishia California. Humo weusi na weupe waliketi pamoja, wazee walitunzwa na wenye njaa walilishwa. Si ajabu basi watu walijaa. Lakini tarehe 18 Novemba 1978, zaidi ya watu 900 walikufa, wengi wao kwa sumu, huko Jonestown, shamba la kundi hilo katika msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini. Karibu thuluthi moja walikuwa watoto.

Je, hawakuonywa? La hasha! Walionywa mapema sana. Mwaka wa 1972 gazeti la San Francisco Examiner lilianza kuchapisha makala za Lester Kinsolving za kumkosoa Jones. Waumini wakaja na mabango, wakaandamana nje ya ofisi za gazeti. Makala zilikuwa 8. Zilizochapishwa ni 4 tu. Nami nauliza, mtu akishabeba bango dhidi ya gazeti, kesho atalisoma kwa jicho gani?

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Wengi wetu hudhani kiongozi wa namna hii huchoma vitabu. Hana haja. Yeye humchafua msemaji kabla hajafungua kinywa. Aliyetoka kundini kwa Jones aliitwa msaliti. Isitoshe, waumini walikuwa wametakiwa kutia saini karatasi tupu, au maungamo ya makosa ambayo hawakuyatenda. Ole wako ukitoka ukasema! Karatasi yako ipo, itatolewa kuonyesha kwamba wewe ndiwe mwovu.

Tena tusiwacheke. Waumini wengi walikuwa Wamarekani weusi, watu waliobaguliwa maisha yao yote. Jones alipowaambia kwamba magazeti na serikali ni kitu kimoja, na kwamba weusi watakusanywa kambini, alipanda mbegu kwenye udongo uliokuwa tayari. Walikuwa na sababu zao za kutoamini wakubwa. Yeye aliichukua sababu hiyo ya haki akaifanya pazia lake.

Mwaka wa 1977 jarida la New West lilichapisha ushuhuda wa watu 10 waliotoka, kwa majina na picha zao. Majira hayo hayo Jones alihamia Guyana, na mamia ya waumini wakamfuata. Huko msituni ilikuwa rahisi zaidi. Barua zilisomwa kabla hazijatumwa, na zilizoingia pia. Pasi zao za kusafiria zilichukuliwa. Na habari za dunia je? Walizipata, tena kwa wingi, ila aliyezisoma ni Jones mwenyewe kwenye vipaza sauti, akizieleza apendavyo. Hebu fikiria: jamaa zao waliokuwa wakilia huko Marekani na kuomba msaada wa serikali, wao waliwasikia wakitajwa kuwa maadui wanaotaka kuja kuwaangamiza.

Shangazi yangu mmoja, aliyejiunga na kikundi fulani cha maombi, huzima redio pindi mtu anapoanza kuwakosoa viongozi wao. Sisemi kikundi chake ni kama cha Jones, na kila mtu ana haki ya kuchagua asome nini. Lakini nilipomuuliza mkosoaji yule alisema nini, hakujua. Alijua tu kwamba ametumwa na shetani. Kumkataa mtu baada ya kumsikiliza ni jambo moja, kumwogopa kabla hujamsikia ni jambo jingine kabisa, nami la pili ndilo linanipa wasiwasi.

Mbunge Leo Ryan alipofika Jonestown mnamo Novemba 1978, wachache walijitokeza wakaomba kuondoka naye. Yeye na wengine wanne wakapigwa risasi na kuuawa katika kiwanja cha ndege cha Port Kaituma. Jioni hiyo Jones aliwaita watu wake wafe, na kanda ya mkutano huo ipo hadi leo. Humo anasikika mwanamke mmoja, Christine Miller, akipinga. Aliuliza kama hawawezi kwenda Urusi, akasema watoto wanastahili kuishi. Jones alijibizana naye. Waliomfokea hata sauti yake ikazama ni waumini wenzake, watu aliokula nao na kulima nao. Alikufa pamoja nao.